Woody Strode: maswali mnayouliza kila siku kuhusu yule mzee mrefu wa kwenye picha za zamani

Kila nikimtaja Woody Strode watu wananiuliza mambo yaleyale, huyo ndo nani, kacheza picha gani, mbona sura naijua ila jina silijui, kwa hiyo nimeamua niyaweke maswali yote hapa sehemu moja, nikiulizwa tena namtumia mtu linki tu basi. Nilimjua nikiwa mdogo kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, televisheni moja watu sitini, na nasema mapema kabisa kwamba mimi siandiki hapa kama refa, mimi naamini huyu mzee alistahili kuwa steringi na alinyimwa, na ushahidi nauweka humu humu.

Woody Strode ni nani hasa?

Ni mwigizaji mweusi wa Marekani. Jina kamili Woodrow Wilson Woolwine Strode, kazaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, na ukoo wao ulikuwa na damu ya weusi na ya Wahindi Wekundu, yani wenyeji wa asili wa kule. Urefu futi sita na inchi nne, mabega mapana, kipara kinang'aa, uso kama umechongwa kwenye mpingo. Kaanza kuonekana kwenye filamu 1941 na ya mwisho imetoka 1995 yeye akiwa ameshafariki. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini, na katikati hapo kapita kwenye baadhi ya picha kubwa kuliko zote za Hollywood, Spartacus yumo, The Ten Commandments yumo, The Man Who Shot Liberty Valance yumo, Once Upon a Time in the West yumo.

Ukisema mwigizaji wa kusindikiza una maana gani?

Kule kwenye kibanda tulikuwa na lugha yetu, kuna steringi, kuna adui, kuna demu wa steringi, waliobaki wote kazi yao ni kufa. Sasa Hollywood ya miaka ya 1940 mpaka 1960 ilikuwa na jeshi zima la hao waliobaki, watu ambao studio inawaita leo kucheza sherifu, kesho muuza baa, keshokutwa mlevi wa kijiji, na hao ndo walioifanya picha iwe na chumvi. Walter Brennan alikuwa wa aina hiyo na alichukua Oscar tatu za mwigizaji msaidizi, 1936, 1938 na 1940. Thelma Ritter alipendekezwa mara sita hakuchukua hata moja. Jack Elam na lile jicho lake moja lililopinda, nani asiyemjua.

Strode ni wa kundi hilohilo ila yeye alikuwa na dari juu ya kichwa ambayo wenzake hawakuwa nayo. Mzungu wa kusindikiza alipewa sherifu, mwalimu, daktari, mwizi, hakimu. Mweusi wa miaka ile alipewa mtumishi, mpagazi au mtu wa msituni na mkuki. Kwa hiyo ukitaka kumpima Strode vizuri usihesabu dakika alizokaa kwenye skrini, angalia kile kidogo alichopewa alikifanyia nini.

Ni kweli alikuwa mchezaji mpira kwanza? Mpira upi?

Ndio, ila sio huu wetu wa miguu, ule wa Kimarekani wa mpira wenye umbo la yai, wa kugongana. Na hapa naomba mnivumilie maana hii sehemu ya maisha yake ndo inaeleza ile sura anayoingia nayo kwenye kamera.

Alisoma UCLA, chuo kikuu cha kwao Los Angeles, na timu yao ya mwaka 1939 haikufungwa mechi hata moja, walishinda sita na sare nne. Kwenye timu hiyo kulikuwa na Kenny Washington, kulikuwa na Strode, na kulikuwa na Jackie Robinson, huyohuyo ambaye mwaka 1947 alikuja kuvunja ubaguzi kwenye besiboli na dunia nzima ikamjua. Weusi watatu wa viwango vile kwenye timu moja, kwa Marekani ya wakati ule kilikuwa kitu cha ajabu.

Ligi kuu ya mpira huo, NFL, kuanzia 1934 mpaka 1945 haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Hakuna sheria iliyoandikwa popote, wenye timu walielewana tu. Kilichovunja hilo sio huruma. Timu ya Rams ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles mwaka 1946 ikataka kutumia uwanja wa Coliseum, na uwanja ule ulijengwa kwa pesa ya umma, basi waandishi wa magazeti ya weusi wakasimama wakauliza, kodi tunalipa wote, mtachezaje humo bila sisi? Rams wakamsajili Kenny Washington mwezi Machi, na mwezi Mei wakamsajili Strode, kwa sababu Kenny alihitaji mtu wa kulala naye chumba kimoja safarini. Strode alikuwa na umri wa miaka 31 tayari, kasi ya ujana imeshapungua. Alicheza msimu mmoja wakamuacha.

Kuna kisa alikisimulia mwenyewe mpaka uzeeni. Timu ilifika Chicago, hoteli walikofikia wenzao ikawakataa yeye na Kenny, wakapewa dola mia kila mmoja wakatafute pa kulala. Wakaenda hoteli ya weusi ambako bendi ya jazi ya Count Basie ilikuwa inapiga, wakakaa wakaagiza vinywaji. Usiku akaja nahodha wao Bob Waterfield anawaambia mambo yamenyooka, rudini mlale na sisi. Strode akamjibu hapana, mimi nabaki hapahapa nabaguliwa, namsikiliza Count Basie na dola mia yangu iko mfukoni. Ukishalijua hilo, unaelewa ile tabia yake kwenye filamu ya kumtazama mtu tu bila kusema neno, anamjibu kwa yale macho.

Uzeeni alisema wazi kwamba ule msimu wa kufungua njia ndo kipindi kibaya kuliko vyote maishani mwake. Watu wanapenda kusimulia mashujaa waliovunja kuta kama vile walifurahia kuzivunja. Yeye alikataa kudanganya.

Baada ya mpira ikawaje?

Akaenda Kanada, akachezea Calgary Stampeders, timu ya mpira huohuo wa kugongana, na mwaka 1948 wakachukua kombe la Grey Cup wakiifunga Ottawa 12 kwa 7, na mpira uliozaa pointi za ushindi ni yeye aliyeuokota ukiwa unagaagaa chini wenzake wamezubaa akakimbia nao. Halafu akaingia mieleka ya kulipwa, akapigana miaka mingi huku akiigiza, wiki hii ulingoni wiki ijayo studio. Mieleka ilimfundisha kitu kimoja kikubwa, namna ya kuuonyesha mwili wako kwa mtu aliyekaa siti ya mwisho kabisa.

Filamu alianzaje? Na ni kweli ya kwanza ilihusu Kenya?

Kweli kabisa. Inaitwa Sundown, ya 1941, kaiongoza Henry Hathaway, hadithi ya maafisa wa Kiingereza kwenye kambi ya mbali Kenya wakati wa vita, na steringi wa kike ni Gene Tierney. Strode kapewa askari mweusi wa pale kambini. Ila msije mkatafuta mlima mnaoujua, hiyo Kenya imepigwa New Mexico, jangwani.

Na kwa miaka zaidi ya kumi ndo ikawa kazi hiyo, Afrika ya kutengeneza. Picha za Bomba, picha ya Jungle Gents, picha za Tarzan, Strode kavaa ngozi kashika mkuki kasimama nyuma ya Mzungu anayeongea. Inauma kuzitazama, siwezi kusema vinginevyo. Lakini zitazameni kidogo mkiwa mnamfuata yeye tu, mtaona kitu, hata pale anapokaa nyuma ya wengine hajikunyati, hachekicheki, hatoi macho kama wengine walivyokuwa wakilazimishwa. Anasimama wima. Hakuna neno kwenye skripti, ila mgongo ule unasema.

Nimesikia aliwahi kuigiza simba, ni utani?

Sio utani. Androcles and the Lion, 1952, simba yule aliyetolewa mwiba mguuni, ndani ya lile vazi ni Woody Strode. Mtu wa futi sita na nusu karibu, mchezaji wa NFL, wakaona njia nzuri ya kumtumia ni kumfunika.

Mwaka 1956 akaonekana kwenye The Ten Commandments kama mfalme wa Ethiopia, yule ambaye Musa anarudi naye Misri kutoka vitani anamleta mbele ya Farao. Hiyo picha nyumba nyingi huku tumeikalia Pasaka baada ya Pasaka, na nina uhakika wengi wenu mmemuona Strode hapo mara kumi bila kujua ni nani. Halafu kwenye picha hiyohiyo yumo pia kati ya wabeba machela wa binti Farao. Mtu mmoja, mfalme na mpagazi, picha moja.

Ni lini mambo yalianza kubadilika?

1959 mpaka 1960. Kwanza Pork Chop Hill, picha ya vita ya Korea na Gregory Peck. Strode ni askari anayeitwa Franklin, hataki kupanda kile kilima, na anamwambia kamanda wake usoni kwamba hataki kufa kwa ajili ya Korea, na laiti angeona anakoishi yeye nyumbani. Mweusi anasema hivo kwenye filamu ya Hollywood mwaka 1959! Mimi mara ya kwanza kuisikia niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena.

Halafu The Last Voyage ya 1960, picha ya meli inayozama, ambayo walichukua meli ya kweli, Île de France, iliyokuwa inaenda kukatwa vyuma chakavu Japani, wakaijaza maji kweli. Strode ni fundi wa chumba cha mashine anayemsaidia jamaa mmoja kumtoa mkewe aliyebanwa na vyuma, maji yanapanda, na wakati mabosi wanababaika yeye ndo mtu pekee unayemuamini kwenye ile meli nzima.

Na mwaka huohuo, Spartacus.

Tueleze ile sini ya Spartacus, kila mtu anaisema

Basi kaeni vizuri. Picha inahusu watumwa wa Kirumi wanaofundishwa kupigana mpaka kufa ili watu waburudike. Strode anaitwa Draba, mmoja wao. Mwanzoni Spartacus, ambaye ni Kirk Douglas, anajaribu kumsemesha, anamuuliza jina, Draba anakataa, anamwambia hapa ndani hatutengenezi urafiki maana ipo siku tutakutanishwa uwanjani nami nitalazimika kukuua.

Ipo siku inafika. Wanakuja mabibi wa Kirumi wamechoka na raha zao, wanataka waone watu wanauana, wanawachagua kwa kuwanyooshea kidole kama mtu anavyochagua kuku sokoni. Wanawekwa wanne kwenye kibanda cha mbao wakisubiri zamu. Wawili wa kwanza wanatoka, mlango unafungwa. Draba na Spartacus wanabaki wamekaa wanatazamana, uso kwa uso, nje unasikia vyuma vinagongana na mtu anakufa, humo ndani kimya. Kirk Douglas ndo steringi, ndo mwenye picha, kampuni iliyoitengeneza ni yake, lakini angalia jicho lako linaenda kwa nani.

Wanapigana, Draba ana mkuki wa meno matatu na wavu, Spartacus upanga mfupi. Draba anashinda. Anamgandamiza mwenzake kwenye ukuta, meno ya mkuki yako kooni, juu kule mabibi wanapiga kelele ua, ua. Na Strode anafanya kitu kidogo sana, anageuza tu kichwa anawatazama wale waliokaa juu. Hapo ndo uamuzi unafanyika, unauona ukipita usoni bila neno lolote. Anaurusha mkuki kwenye jukwaa la Warumi, anapanda ukuta kwa mikono, anachomwa mgongoni na mlinzi, na Crassus mwenyewe, mkubwa wa Kirumi anayechezwa na Laurence Olivier, anammalizia shingoni kwa kisu.

Maiti yake wanaitundika kichwa chini kwenye mabweni ya wapiganaji ili wengine wakome. Badala ya kukoma ndo wanaasi. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkweli, mapinduzi yote ya ile picha ya saa tatu yameanzishwa na Draba, mtu mwenye mistari michache kabisa ya kuongea.

Alipata tuzo kwa hiyo?

Alipendekezwa Golden Globe ya mwigizaji msaidizi, hakupata. Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka huo ilikwenda kwenye picha hiyohiyo ya Spartacus, ila kwa Peter Ustinov. Strode hata jina lake halikupelekwa kwenye Oscar. Ustinov alikuwa mzuri sana, simnyang'anyi, lakini hilo la Strode mimi sijawahi kulimeza.

John Ford alikuwa nani kwake?

Mwongozaji wa picha za kauboi aliyeheshimika kuliko wote, na kwa Strode alikuwa kama baba, baba mkali. Mwaka 1960 Ford alimpa kazi ambayo Strode aliihesabu kuwa ndo heshima yake, Sergeant Rutledge, hadithi ya sajini wa kikosi cha 9 cha farasi, kile cha weusi, wale Buffalo Soldiers aliokuja kuwaimba Bob Marley. Sajini anashtakiwa mahakama ya kijeshi kwa kumbaka na kumuua binti wa Kizungu, na hakufanya. Strode alisimulia kwamba studio ilitaka jina kubwa kama Sidney Poitier au Harry Belafonte, Ford akakataa.

Picha inaitwa kwa jina la mhusika wake, anayeshtakiwa ni yeye, anayepigania roho yake ni yeye, halafu kwenye orodha ya waigizaji jina la kwanza ni Jeffrey Hunter anayecheza wakili. Nimeshasema kuhusu dari.

Ila kuna sini anavuka mto Pecos juu ya farasi, mwenyewe, bila stantimeni, na uzeeni alikuwa akisema watu walikuwa hawajawahi kumuona mweusi akishuka mlimani juu ya farasi namna ile, na kwamba siku ile alihisi kawabeba weusi wote mgongoni kavuka nao. Mimi namuelewa kabisa. Ukikulia kwenye kibanda cha video ukaona makauboi mia wote weupe, halafu anatokea mmoja anayefanana na mjomba wako kakaa kwenye tandiko kama mfalme, hilo halikutoki.

Ford alimtumia tena na tena, ingawa sio mara zote vizuri. Two Rode Together kamfanya Mkomanchi, kabila la Wahindi Wekundu, 7 Women kamfanya mpiganaji wa Kimongolia. Lakini Ford alipofariki mwezi Agosti 1973, Strode alikuwa kando ya kitanda chake.

Kwenye The Man Who Shot Liberty Valance anafanya nini cha maana? Mimi nilimuona ni mtumishi tu

Itazame tena ndugu yangu. Anaitwa Pompey, anafanya kazi kwa John Wayne, kweli. Lakini kuna sini ya darasa. James Stewart ni wakili kafungua darasa mjini, wazee kwa watoto wamechanganyika, na Pompey kakaa humo. Anaambiwa asimame aeleze Azimio la Uhuru la Marekani. Anasimama, nyuma yake ukutani kuna picha ya Lincoln, rais aliyefuta utumwa, anaanza vizuri, halafu anakwama palepale panaposema binadamu wote wameumbwa sawa. Anaomba radhi, nilijua, nimesahau. Na mwalimu anamwambia watu wengi huwa wanaisahau sehemu hiyo.

Hiyo ni 1962, miaka miwili kabla ya sheria ya haki za kiraia. Wamemchukua mtu aliyekataliwa hotelini Chicago wakampa aseme mstari ule, na Strode anausema bila uchungu wa kuigiza, kwa aibu ndogo ya mwanafunzi mtu mzima, mikono yake mikubwa haijui ikae wapi. Halafu usiku wa risasi ile inayomuua jambazi Liberty Valance, ambayo picha nzima inaizungumzia, bunduki iliyotumika nani aliirusha kutoka gizani? Nyumba inapoungua nani anaingia kwenye moto kumtoa Wayne? Na baa inapokataa kumuuzia Pompey kinywaji, unamuona anavyosimama. Mtumishi tu, sawa, lakini bila yeye hakuna picha.

Ile picha ya matone ya maji kwenye kofia ni ipi?

Once Upon a Time in the West, 1968, ya Sergio Leone, mwanzo kabisa. Majambazi watatu wamekuja stesheni ya treni wanamsubiri mtu wamuue. Mmoja ni Jack Elam anasumbuliwa na nzi, wa pili, Al Mulock, anavunjavunja vidole, wa tatu ni Strode, kasimama chini ya tenki la maji.

Tone linaangukia kipara. Anaangalia juu, hasogei. Anavaa kofia. Tone la pili, la tatu, sasa yanagonga kofia, tap, tap, tap, kamera imemkaribia mpaka unaona vinyweleo, na uso haubadiliki hata kidogo. Mtu mwingine angesogea hatua moja pembeni, yeye anayaacha yajae kwenye ukingo wa kofia. Dakika zinapita. Treni inakuja. Ndo anaivua taratibu, anaiinamisha, anakunywa yale maji yote, anaivaa tena. Muda kidogo baadaye Charles Bronson anawapiga risasi wote watatu na Strode hatumuoni tena kwenye picha.

Kwenye kibanda sini kama hizo watu walikuwa wanaguna, peleka mbele bwana, ila kwa hii nakumbuka watu sitini walikaa kimya. Walikuwa wanasubiri anywe.

Ni kweli aliigiza Lumumba?

Ndio, na hili ndo swali ninalopenda kuliko yote. Mwaka huohuo wa 1968, mwongozaji wa Italia Valerio Zurlini alitoa picha inayoitwa Seduto alla sua destra, ambayo ukiitafsiri ni yale maneno ya Nasadiki, ameketi kuume kwake. Wamarekani wakaiita Black Jesus. Mhusika anaitwa Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, anateswa, anafungwa chumba kimoja na mwizi wa Kizungu, mpaka misumari ya mikononi inapigwa, na kila aliyeitazama alijua anayezungumziwa ni Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville, ndo Lubumbashi ya leo ambako watu wanaongea Kiswahili mpaka kesho. Ilikuwa miaka saba tu tangu auawe. Picha ilichaguliwa kwenda kushindana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na mwaka huo tamasha likavunjika katikati kwa sababu ya vurugu za Ufaransa.

Strode ndo steringi. Hapo hakuna wakili mweupe wa kumsemea. Anaongea mwenyewe, anateseka mwenyewe, na kamera inakaa kwake mwanzo mwisho. Mtu aliyeanza kwa kusimama nyuma kwenye Kenya ya kutengenezwa jangwani New Mexico, kwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini kaja kumbeba Lumumba. Na ilibidi aende Italia ndo apewe.

Alihamia Italia kwa nini?

Kazi na heshima. Mwaka 1966 alikuwa kwenye The Professionals, mmoja wa watu wanne wanaotumwa Mexico kumkomboa mwanamke aliyetekwa, wenzake Burt Lancaster, Lee Marvin na Robert Ryan, yeye mtaalamu wa upinde anayefunga baruti kwenye mishale. Picha ilipiga hela nzuri, na bado jina lake halikupangwa pamoja na wale wakubwa kwenye matangazo. Italia walikuwa wanatengeneza kauboi kwa mafungu na walimtaka. Alisema mwenyewe alilipwa vizuri zaidi Ulaya. Kule kacheza na Terence Hill na Bud Spencer kwenye Boot Hill ya 1969, hao najua mnawajua wote, na Keoma ya 1976 na Franco Nero. Nyingine za kipindi hicho ni za kawaida tu, sitawapotezea muda.

Woody wa Toy Story jina limetoka kwake?

Ndio. Watengenezaji wa katuni ya Toy Story walithibitisha kwamba yule mwanasesere kauboi kapewa jina kwa ajili ya Woody Strode. Watoto wa dunia nzima wanalitamka jina lake.

Alifariki lini?

Tarehe 31 Desemba 1994, kwao Glendora, California, kansa ya mapafu, miaka 80. Kazikwa makaburi ya wanajeshi Riverside maana alitumikia jeshi wakati wa vita vya pili. Mwaka mmoja kabla alionekana kwenye Posse ya Mario Van Peebles, kauboi za weusi, yeye ndo mzee anayesimulia hadithi. Ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka 1995 na imetolewa kwa heshima yake, humo ni mtengeneza majeneza.

Nataka kumtazama, nianzie wapi?

Kama hujazoea picha za zamani anza na The Professionals, ina mwendo, ina milipuko, hutachoka. Halafu Spartacus, ila usiikate, ikae yote. Ukishamzoea ndo uende Sergeant Rutledge, na ukimaliza hiyo mara moja weka Liberty Valance uifuatilie ile sini ya darasa. Black Jesus iache ya mwisho, ni nzito, usiitazame na watoto. Ile ya matone ya maji wala haihitaji ratiba, ni dakika chache za mwanzo wa picha, hata kwenye simu inatosha, ila zima data nyingine zote meseji zisikuingilie, na sauti iwe juu usikie yakigonga kofia.